Mliofundishwa sanaa na mama yetu, Mbeya au Iringa: kwa nini alikataza ufutio darasani?

#1 MtotoWaMwalimu

Habari za jioni wanajamvi.

Mama yetu alitutoka mwezi wa tano, nyumbani kwake Tukuyu. Alifundisha sanaa kwa zaidi ya miaka thelathini. Alianzia shule za Rungwe, akahamishiwa Mbeya mjini, halafu Iringa, kisha akarudi kustaafia nyumbani. Jina lake sitaliandika hapa, ndivyo tulivyokubaliana kwenye familia. Waliopita mikononi mwake watamtambua kwa jina walilompa wenyewe: Mwalimu Mkaa.

Tunaandaa kijitabu kitakachogawiwa siku ya ibada ya shukrani. Wasifu wa kawaida tumeshauandika: kuzaliwa, kubatizwa, chuo, vituo vya kazi, watoto, wajukuu. Dada yetu mkubwa aliusoma akauweka mezani, akasema huo unaweza kuwa wasifu wa mwalimu yeyote, mama hayumo. Ndipo tukaanza kubishana kuhusu jambo ambalo karibu kila mwanafunzi wake aliyekuja msibani alilitaja. Darasani kwake ufutio ulikuwa marufuku. Ukiingia nao anaupokea mlangoni, anautia kwenye kopo, unauchukua wakati wa kutoka. Ukikosea mstari unachora mwingine pembeni yake, na ule wa kwanza unabaki hapo hapo.

Nyumbani alikuwa vivyo hivyo. Tunalo daftari lake la matumizi. Akibadilisha kitu anapiga mstari mmoja mwembamba, na alichoandika mwanzo bado unakisoma: sukari, mafuta ya taa, ada ya fulani, nauli ya kwenda kumwona bibi. Sisi watoto hatukuwahi kumuuliza. Tulikua tukidhani walimu wote wa sanaa wako hivyo.

Naomba mliosoma kwake mniambie: aliwahi kuwaeleza sababu?

#2 Fundi Mabango

Pole sana ndugu yangu. Nimesoma jina hilo la Mkaa nikasimama kazi.

Mimi nilisoma kwake Mbeya mjini, miaka ya 80. Nilikuwa mtoto mtukutu, sanaa ndiyo iliyoniweka shuleni. Leo ninaandika mabango ya maduka na kupaka majina kwenye malori, watoto wangu wamesoma kwa kazi hiyo.

Sababu ninavyoielewa mimi ni mkono. Mtoto anayejua kwamba atafuta, anachora mstari wa woga, vipande vipande, penseli inatetemeka. Ukimnyang'anya ufutio anatulia kwanza, anaangalia kitu, anaamua, ndipo anavuta mstari. Mama alikuwa anatuzungusha darasani tukiwa tumenyoosha mikono, tunachora duara hewani kwa bega, si kwa vidole. Akituona tunatumia vidole anatugusa begani bila kusema kitu. Hadi leo nikiandika herufi yenye urefu wa mita nzima kwenye ukuta, natumia bega. Ukutani ukikosea na rangi ya mafuta huna pa kukimbilia.

Kwa hiyo kwangu jibu lipo wazi. Alikuwa anafundisha kuamua.

#3 KihesaKwetu

Kamwene wote. Pole kwa familia.

Samahani, lakini mimi nashangaa. Nilifundishwa na mama huyu Iringa miaka ya 90, Mwalimu Mkaa huyo huyo, mrefu, sweta la kijani, kicheko cha kusikika ofisi ya mkuu. Ufutio tulikuwa nao! Alikuwa na boksi mezani kwake, unakwenda kuazima. Hilo katazo silikumbuki kabisa.

#4 Fundi Mabango

@KihesaKwetu nyie wa Iringa aliwaonea huruma kwa baridi, vidole vilikuwa vimekufa ganzi.

#5 KihesaKwetu

@Fundi Mabango baridi ya Iringa na mvua ya Tukuyu, bora baridi. Kwenu karatasi ilikuwa inalowa kabla hamjaanza kuchora. Lakini nasema kweli, boksi lilikuwepo. Ngoja niwaulize niliosoma nao.

#6 Mzee wa Chaki

Wanangu, shikamooni mlio wakubwa kuliko mimi, kama mpo. Wengine salamu.

Huyu mama nilisoma naye Chuo cha Ualimu Butimba, Mwanza, kule walikokuwa wakiandaa walimu wa sanaa, muziki na michezo. Tukapangiwa kazi Rungwe kipindi kimoja. Tulisafiri kwa treni ya kati hadi Dar es Salaam, kisha TAZARA hadi Mbeya, masanduku ya bati juu ya magoti. Kwa hiyo haya ninayoyaeleza nimeyaona.

Chuoni tulifundishwa kuchora kwa mkaa. Mkaa haufutwi kwa ufutio wa mpira, maana mpira unausugua na kuutia ndani ya karatasi, unabaki doa la kijivu. Unafutwa kwa mkate. Unachukua kiini cheupe cha mkate, unakiviringisha kwa vidole mpaka kinakuwa kigololi laini, unabonyeza juu ya mkaa na kuinua. Ni njia ya zamani sana ya wachoraji wa Ulaya na wakufunzi wetu walituletea kama ilivyo.

Sasa kumbukeni hali ya nchi. Vita vya Kagera vilikwisha mwaka 1979 vikaacha hazina tupu. Sabuni, sukari, unga wa ngano, nguo, vyote kwa foleni ya duka la ushirika, na siku nyingine unafika mbele unaambiwa vimekwisha. Mwaka 1983 Sokoine akaanzisha ile vita dhidi ya wahujumu uchumi, watu wakawa wanatupa bidhaa mitoni usiku. Katika hali hiyo mwalimu kijana anasimama mbele ya watoto ambao wengine wametoka nyumbani hawajanywa hata uji, anawagawia vipande vya mkate ili wafutie mkaa.

Alifanya hivyo mara moja, nami nilikuwa dirishani. Mtoto wa dawati la mbele alipokea kipande chake akakila. Wa pembeni akamwangalia, naye akala. Mwalimu hakusema neno, alisubiri wote wamalize kutafuna, akaendelea na somo. Kuanzia kipindi kilichofuata hakuna aliyefuta kitu katika darasa lake.

Ndiyo sababu ninayoijua mimi. Hakuwahi kunieleza kwa mdomo.

#7 Nesi Mstaafu

@Mzee wa Chaki nimelia hapa. Asante.

#8 Fundi Mabango

Mzee shikamoo. Nimekusoma mpaka mwisho, nakuheshimu. Lakini mkate hauelezi kopo la mlangoni. Sisi alitupokonya ufutio wa mpira, ule mwekundu na bluu, tena hata siku tulizotumia penseli. Kama tatizo lilikuwa mkate, ule wa mpira aliukataza kwa nini?

#9 Mzee wa Chaki

@Fundi Mabango marahaba. Ufutio wa mpira nao ulikuwa wa wachache, wenye ndugu mjini. Darasa zima mmoja anao, arobaini hawana. Mwenye nao kazi yake safi, wengine kazi zao zina michirizi. Kwa mwalimu wa zama za Azimio la Arusha hilo halikupita hivi hivi.

#10 Binti wa Lyulilo

Poleni wafiwa. Ndaga fijo (asanteni sana) kwa uzi huu.

Mnasahau kwamba mama alikuwa anawapeleka wanafunzi Matema. Bibi yangu alikuwa Mkisi, mfinyanzi, na mama huyu alikuja kwetu mara nyingi, na watoto wa shule au peke yake. Alikaa chini na wanawake, kanga kiunoni, anafinyanga.

Kwa wasiojua: Wakisi wako ufukweni mwa Ziwa Nyasa, chini ya Milima ya Livingstone, Ikombe na kuendelea kusini. Ufinyanzi ni kazi ya wanawake. Hawatumii gurudumu. Mama anakaa chini, anazungusha chungu kwa mkono na kukipandisha kwa vidole, anakwangua ndani kiwe chembamba, kikianza kukauka anakilainisha kwa kokoto la mtoni mpaka king'ae. Kuchoma ni kwenye uwanja wazi, kuni na majani makavu. Vinapakiwa kwenye mitumbwi hadi Lyulilo, Jumamosi ni soko la vyungu, watu wanatoka Kyela, Tukuyu, Mbeya kuja kununua.

Bibi alikuwa hapendi mtu anayerudia rudia. Udongo ukiushika sana unachoka, unapasuka motoni. Alimpiga mwalimu kwa mwiko mkononi, mbele ya wanafunzi wake, kwa sababu alikuwa anabomoa ukingo wa chungu na kuujenga upya. Mwalimu alicheka mpaka akalala chali. Mimi naamini alitoka na somo lake pale, ufukweni kwetu.

#11 Batiki Mwanjelwa

Hapana dada, udongo ndio kitu pekee kinachosamehe! Kabla ya moto unaukanda upya, unaanza mwanzo. Hata vikapu vya milulu vya Iringa, mwanamke akikosea mzunguko anafumua.

Kitu kisichofutika ni batiki, na batiki ndiyo aliyonifundisha mimi, baada ya yeye kustaafu, kikundi chetu cha akina mama. Unayeyusha nta, unachora juu ya kitambaa ikiwa ya moto. Palipo na nta rangi haiingii. Unaanza na rangi nyepesi, njano labda, unakausha, unaongeza nta, unatumbukiza kwenye rangi nzito zaidi, mpaka unafika kwenye kahawia au nyeusi. Mwisho unachemsha kitambaa nta itoke. Tone moja likidondoka pasipotakiwa, alama yake itakuja kuonekana hadi mwisho. Huwezi kurudi nyuma kutoka rangi nzito kwenda nyepesi.

Mwenzetu mmoja alidondosha nta katikati ya kitambaa cha oda, akaanza kulia. Mama akachukua brashi, akadondosha matone mengine mengi kulizunguka lile tone, kwa mpangilio. Kile kitambaa kiligombaniwa. Sasa kikundi kinafanya ua la matone hayo hayo, wateja wanaliagiza.

#12 Binti wa Lyulilo

@Batiki Mwanjelwa kabla ya moto unasamehe, ndiyo. Ila bibi alikuwa anafinyanga vingi kwa siku ili viwahi soko la Jumamosi. Kukanda upya ni muda na ni kuni.

#13 Batiki Mwanjelwa

Sawa, tukubaliane kutokubaliana. Yeye batiki aliijua tangu chuo, aliniambia hivyo.

#14 Kijana wa Kalenga

Poleni sana. Mimi sikufundishwa naye, ila mjomba wangu alifundishwa, na alikuwa anatusimulia safari ya Igeleke, ule mwamba wenye michoro ya kale nje kidogo ya mji wa Iringa. Wanyama na watu, rangi nyekundu. Anasema mwalimu aliwakalisha pale muda mrefu wakiangalia tu, madaftari yamefungwa. Waliochora ukutani pale hawakuwa na cha kufutia. Kondoa ndiyo zaidi, ile michoro ya miamba iliyoingizwa Urithi wa Dunia mwaka 2006, kuna picha zimechorwa juu ya picha nyingine, tabaka kwa tabaka.

Na hata Tingatinga, yule wa Mtwara, alichora kwa rangi za baiskeli moja kwa moja juu ya ubao. Wasanii wetu hawafuti.

#15 Mzee wa Chaki

@Kijana wa Kalenga, Edward Saidi Tingatinga alizaliwa wilaya ya Tunduru, ambayo leo iko Mkoa wa Ruvuma, mwaka 1932. Si Mtwara. Alifariki Dar es Salaam mwaka 1972 kwa risasi ya polisi, akiwa bado kijana. Rangi ni kweli, za mafuta za kung'aa, juu ya mbao za dari.

Kama unatafuta mchoraji ambaye mwenzangu alimpenda, ni Sam Ntiro wa Machame. Alifundisha Makerere, akawa balozi wetu wa kwanza London baada ya Uhuru, na picha yake moja ipo kwenye jumba la sanaa ya kisasa la New York. Watu wake ni wa kijijini, wanalima, wanabeba pombe ya ndizi, wanajenga. Mwenzangu alikuwa na kipande cha gazeti chenye picha ya Ntiro, amekibandika ndani ya mfuniko wa sanduku lake la bati. Sanduku hilo hilo nililolitaja.

#16 Kijana wa Kalenga

Asante mzee kwa kuweka sawa.

#17 Dereva wa Tunduma

Kwani alikuwa anatoa watoto shuleni sana? Sisi Mbeya kwetu safari ilikuwa moja tu, Kimondo.

#18 Fundi Mabango

Kimondo tulikwenda naye! Alituchoresha lile jiwe kwa kuligusa, macho tumefumba, halafu tunarudi kwenye karatasi. Ila Kimondo cha Mbozi siku hizi kiko Songwe, mkoa uligawanywa 2016, msije mkawapoteza wageni.

#19 Dereva wa Tunduma

Songwe ndiyo kwetu hasa, mkuu. Mbeya mmebaki na Ngozi na Daraja la Mungu, mnatosheka.

#20 BaridiYaMakete

Naona kila mtu anasifu. Nami nampenda mwalimu yule, lakini niseme la kwangu.

Lile katazo liliniumiza. Nilizoea mikono michafu na mistari mitatu mitatu kwake. Nikaenda sekondari nyingine, mwalimu mwingine, nikapewa kazi ya kuchora birika. Nikaacha mistari yangu yote kama nilivyozoea. Nilirudishiwa karatasi imepigwa mkasi mwekundu, nikaambiwa nimeleta takataka. Mtihani nao unataka kazi safi. Niliacha sanaa pale pale, sijachora tena.

Siku moja nilikutana naye stendi Makambako nikamwambia. Hakujitetea. Aliniuliza lile birika lilikuwaje, mdomo wake ulielekea wapi, mpini wake uliungwaje. Nikamweleza, tukaongea birika hadi basi langu likapiga honi. Sikupata jibu la malalamiko yangu, na mpaka leo sijui nilichukulieje.

#21 KihesaKwetu

@BaridiYaMakete pole. Sasa hapo ndipo ninapoona jibu la swali langu. Labda alipokuja Iringa alikuwa ameshakutana na wanafunzi kama wewe, ndiyo maana akaweka boksi la ufutio mezani. Alibadilika.

Na nimewauliza niliosoma nao. Wawili wanalikumbuka boksi, mmoja anasema lilikuwa la chaki za rangi.

#22 Nesi Mstaafu

Ngojeni niwaeleze la kwangu, ndiyo maana nilisema nimelia.

Baba yangu alifariki nikiwa darasa la sita. Muhula huo huo mwalimu akatuambia tuchore mtu wa nyumbani, kwa kichwa, bila kumwangalia. Nikamchora baba. Picha yake ya kupigwa hatukuwa nayo, enzi hizo kijijini kwetu kupiga picha mpaka harusi ya mtu mwingine. Nikachora macho, yakawa yake. Pua ikakataa. Nikataka kuichana karatasi. Mwalimu akaja akachuchumaa pembeni ya dawati, akasema chora nyingine. Nikachora. Akasema haya, nyingine.

Baba yangu kwenye ile karatasi ana pua nne.

Niliipeleka nyumbani nimeificha kwenye daftari, naona aibu. Mama akaiona. Aliishika akaenda nayo nje kwenye mwanga. Alipita kidole kwenye zile pua moja moja, akasema hii ya tatu ndiyo yake. Kisha akawaita wadogo zangu waje wamwone baba yao. Mdogo wangu wa mwisho hana sura nyingine ya baba anayoijua ila hiyo. Kama ningekuwa na ufutio, ya tatu ningeifuta, maana mimi nilidhani ya nne ndiyo nzuri.

Sisemi ndiyo sababu yake. Ninasema ndicho kilichonipata.

#23 Fundi Mabango

Nesi, ahsante. Sina la kuongeza kwenye hilo.

#24 Dereva wa Tunduma

Mleta uzi, chukua hii ya Nesi weka kwenye kijitabu, mengine acheni.

#25 Mzee wa Chaki

Lipo jingine la kiutumishi ambalo vijana hamkulipitia. Somo lenyewe lilikuwa halitulii. Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilitaka kazi za mikono, sanaa ikawa karibu na shamba na karakana. Baadaye mitaala ikabadilishwa, shule za msingi kukawa na Stadi za Kazi, kuchora kukawekwa humo pamoja na kupika, kushona na mengineyo. Sekondari zinazofundisha sanaa za uchoraji hadi mtihani wa kidato cha nne ni chache mpaka leo. Mwalimu wa sanaa akihamishwa, mara nyingi somo nalo linahama naye.

Kwa hiyo @KihesaKwetu, kama kweli Iringa aliruhusu ufutio, inawezekana kule alifundisha wanaojiandaa na mtihani.

#26 KihesaKwetu

Mzee, Iringa mimi nilikuwa darasa la tano. Mtihani gani?

#27 Mzee wa Chaki

Basi mwanangu, umenibana.

#28 MtotoWaMwalimu

Nimesoma kila neno, na nimewasomea ndugu zangu kwa sauti. Mzee wa Chaki, shikamoo. Sanduku la bati bado lipo na kipande cha gazeti kimo ndani ya mfuniko. Tulikuwa hatujui ni picha ya nani. Nesi, nitakutafuta kwa ujumbe wa pembeni.

Kuhusu Iringa, dada yangu anaikumbuka vizuri miaka hiyo kwa sababu ndipo baba alipougua. Mama alikuwa anarudi kutoka wodini anaingia darasani. Dada anasema huenda alichoka tu, hakuwa na nguvu za kupokea ufutio mlangoni. Kaka hataki kusikia hilo, anasema mama hakuchoka hata siku moja. Hawajaelewana.

Sasa nina shida nyingine. Chini ya sanduku tumekuta michoro yake mwenyewe, mingi, ya mkaa, juu ya manila na karatasi za magazeti zisizochapwa. Tulijua anachora, hatukujua ameweka. Kuna sisi tukiwa wadogo tumelala. Kuna bibi anapepeta mpunga. Kuna baba kitandani. Mingine imeshikana, mingine imehamia kwenye mgongo wa mwenzake, na chini kabisa kuna ukungu mweupe wa unyevu. Mnajua mvua ya Tukuyu. Tufanyeje? Mdogo wangu anataka tupeleke yote kupakwa plastiki ya moto leo leo.

#29 Batiki Mwanjelwa

USIPAKE PLASTIKI. Joto na gundi vitaondoka na mkaa.

#30 Fundi Mabango

Naunga mkono. Na msipulizie ile dawa ya nywele mnayoambiwa mitandaoni, karatasi itakuja kuwa ya njano. Yeye alitufundisha kupulizia maziwa yaliyotolewa mafuta, yamechanganywa na maji, kwa mrija, kutoka mbali. Yanashika mkaa. Lakini hiyo ni kwa mchoro mpya. Huu wa zamani wenye ukungu msiulishe maziwa.

#31 Mzee wa Chaki

Kwanza pigeni picha kila mmoja kama ulivyo, kabla ya kugusa chochote. Kisha ianikeni kivulini, ndani ya nyumba, upepo unapopita. Jua litaipindisha. Ukungu ukikauka kabisa unapanguswa nje ya nyumba kwa brashi laini sana, mmefunika pua na mdomo, na msikaribie penye mkaa. Iliyoshikana msiivute. Kila mmoja uinueni moja kwa moja juu, msiuburuze.

Katikati wekeni karatasi nyembamba laini, ile ya kunakilia ramani inafaa. Nailoni isiwe karibu, ina umeme wake unaonyonya unga wa mkaa. Wala msiirudishe kwenye bati.

#32 BaridiYaMakete

Huyo bibi anayepepeta mpunga, amechorwa kwa mstari mmoja au mingi?

#33 MtotoWaMwalimu

@BaridiYaMakete mingi sana. Ungo peke yake una kama mizunguko sita, na mkono wa kulia wa bibi upo mara tatu. Wa baba ni mstari mmoja tu kila mahali.

#34 BaridiYaMakete

Nashukuru. Nikija Mbeya mwisho wa mwezi naomba kuuona, kama hamtajali.

#35 MtotoWaMwalimu

Karibu sana. Njoo na penseli.

Wakuu, wa fremu nani mzuri Mbeya mjini? Tunataka huo wa bibi na mmoja wa sisi tumelala viwepo kanisani siku ya shukrani.

#36 Fundi Mabango

Nileteeni mimi, sitaki hela ya ufundi, kioo na mbao tu. Nitakata kadibodi ya kukaa pembeni ili kioo kisigusane na mchoro, kikigusa kitaubeba mkaa. Nyuma naziba kwa karatasi, wadudu wasiingie. Vipimo nitumie kwa sentimita, urefu na upana wa karatasi nzima, usikate pembe zilizochanika.

#37 MtotoWaMwalimu

Wa bibi ni 59 kwa 42. Wa pili nitapima kesho asubuhi, sasa hivi dada ameukalia karibu, hataki tuusogeze.